Kwa Nini Aloyce Alinunua Haibridi

Ipo asubuhi moja ya Januari ambayo siisahau, mwanangu, ingawa miaka kadhaa imepita. Nilikuwa na miaka hamsini na minane, bado najiita kijana, na nilikuwa nimekabidhiwa gari nisilolielewa.

Lilikuwa la mdogo wangu Aloyce, anayefanya kazi Dar es Salaam. Unatujua sisi: Desemba ikifika, kila aliye mbali anapanda kuja nyumbani Kilema, huku mlimani Kilimanjaro, na magari yanapangwa kwenye kihamba, shamba letu la ukoo, katikati ya migomba na kahawa, yakitazamwa na kila apitaye. Mwaka ule Aloyce alikuja na haibridi, gari lenye injini ya petroli na mota ya umeme humo humo. Akasema analiacha. Mama yetu alikuwa amepata kiharusi, na kila Alhamisi alitakiwa kliniki Moshi mjini. Niliyebaki nyumbani ni mimi, kwa hiyo dereva nikawa mimi.

Nimekuwa bwana shamba maisha yangu yote, na kazi yangu ilikuwa kuuliza na kuandika. Nikatoa daftari. Kwa nini mtu anunue gari la namna hii? Mwalimu mmoja aliyekuwa nalo akasema halili mafuta mengi kwenye foleni. Nikaandika, kisha nikajiuliza foleni ya Kilema iko wapi. Dereva wa watalii akasema wageni hulipenda kwa sababu halichafui sana hewa, nao wanaihurumia theluji ya mlima wetu. Muuza vipuri wa Himo alicheka tu. "Wananunua kwa sababu jirani kanunua, mzee. Subiri betri ife, utanitafuta mwenyewe." Nililizunguka gari mara mbili nikitafuta mahali pa kuchomeka waya wa umeme. Sikupaona. Majibu yalikuwa mengi, hakuna lililofanana na jingine, na kila nilipoandika nilizidi kuchanganyikiwa.

Ambaye sikumwuliza ni Aloyce mwenyewe. Siku anaondoka alishika mlango wa gari akaanza, "Kaka, kwenye mteremko..."

Nikamkatiza. "Mimi nimeanza kuendesha wewe bado unakojoa kitandani. Nenda kazini."

Alicheka kidogo, akanipa funguo.

Sasa sisi madereva wa mlimani tuna tabia yetu. Ukishika mteremko mrefu unatoa gia, unaliachia gari liteleze lenyewe, mafuta yabaki, na mguu wako unakaa kwenye breki. Nilifanya hivyo miaka mingi na pikapu yangu ya dizeli. Alhamisi ile ya Januari nilimkalisha Mama kiti cha nyuma, nikaanza kushuka, na tulipopita kanisa nikasogeza gia kwenye herufi N. Gari likateleza kimya kabisa. Nikajisifu moyoni.

Tulipofika katikati ya mteremko Mama akasema, kwa ile sauti ndogo aliyoachiwa na ugonjwa, "Boni, kitu kinaungua."

Nilimsikia vizuri. Nikamjibu, "Ni watu wanachoma majani, Mama."

Akasema tena. Nikaendelea kushuka. Mbele kwenye kona kulikuwa na mama mmoja amejitwika mzigo wa majani ya ng'ombe, anatembea katikati ya njia, hana habari nasi. Nikakanyaga breki, mguu ukazama kama nimekanyaga tope. Nikapiga honi. Yule mama akatupa mzigo na kurukia mferejini, nami nikaligongesha gari kwenye ukingo wa udongo hadi likasimama. Moshi ulikuwa unatoka kwenye magurudumu.

"Wewe mzee!" alifoka yule mama, maji yakimfika magotini. "Gari gani hilo linakuja kama paka? Ulitaka kutuletea msiba asubuhi hii?"

Nilimwomba radhi, nikamwokotea majani yake. Alipomwona Mama ndani alitulia, akamwamkia, "Shikamoo, bibi," kisha akanigeukia. "Na huyu ndiye unayembeba hivi?"

Nilimtwisha mzigo wake, mwanangu, nikarudi kwa Mama.

Nilimpigia Aloyce simu, naye akapanda basi akafika Jumamosi. Alinieleza kwa upole, jambo lililoniuma kuliko matusi. Gari lile likishuka likiwa kwenye gia, mota yake hulizuia na wakati huohuo huijaza betri. Mimi nilipotoa gia niliukataa umeme wa bure, nikaziachia breki mzigo wote.

Ndipo nikamwuliza nilichopaswa kumwuliza mwanzo: kwa nini ulinunua hili?

Akaniambia, "Unakumbuka Oktoba, nilipokuja kumwona, tulimpeleka Mama kwa pikapu yako? Njia nzima alikuwa anatuomba tusimame ajisaidie. Dizeli ikanguruma, hatukusikia. Alifika amelowa, analia. Nikasema sitampandisha tena gari ambalo ndani yake hatumsikii."

Kisha akauliza, "Alisema chochote Alhamisi?"

"Alisema kitu kinaungua."

"Ukamsikia?"

"Nilimsikia."

Alichukua funguo mezani, akaenda kuziweka kwenye mkono mzima wa Mama, ili yeye mwenyewe aamue nani awe dereva. Fundi akatengeneza breki, nami siku tano sikulala vizuri. Alhamisi asubuhi Mama aliketi kwenye baraza amevaa kitenge chake cha kanisani, funguo mapajani. "Boni," akasema, "leo nikisema kitu?"

"Nasimama, Mama."

Akanipa funguo.

Watu wengine wananunua haibridi kwa sababu gani, mpaka leo sijui vizuri, na sitakudanganya kwamba najua. Lakini nakuusia hivi, mwanangu. Ukikuta mwenzako amechagua kitu usichokielewa, usimzunguke kwa majirani. Mwendee, umwulize, hata kama ni mdogo wako. Akianza kukueleza, mwache amalize. Na aliye dhaifu akikuambia kitu kinaungua, simama kwanza, ubishi utafuata baadaye.

Mungu akulinde kwenye kila mteremko utakaoushuka. Akupe ndugu watakaokuelekeza bila kukudhalilisha, na wazazi wako wasikose kamwe kukuamini. Amina.