Uchaguzi Mdogo wa Waziri wa Wagonjwa

Chama chetu cha Waswahili hapa Stockholm kina mawaziri. Usicheke. Mwenyekiti, mwalimu mstaafu wa Kikenya, ndiye aliyetuletea mambo hayo. Alitueleza kwamba zamani, katika baadhi ya mabaraza ya kutunga sheria ya makoloni ya Mwingereza, mjumbe akipewa uwaziri kiti chake kilikuwa wazi, na ilimbidi arudi kwa waliomchagua wamkubali upya. Uchaguzi mdogo. Tukaupenda, tukautia kwenye katiba yetu. Maana sisi katiba tunaipenda kuliko pilau.

Sasa akaniteua mimi, mjumbe wa watu wetu wa vitongoji vya Vällingby na Hässelby, niwe waziri wa wagonjwa. Kazi yenyewe ni kuwatembelea watu wetu hospitalini na majumbani. Shule niliishia darasa la tatu, la nne lilikuwa ng'ambo ya mto, lakini hilo tuliache. Kukaa na mgonjwa ninakujua. Mke wangu nilimuuguza hadi mwisho, na tangu tumzike nyumba imekuwa kimya mpaka friji naisikia ikipumua. Kwa hiyo cheo kile nilikitaka, sifichi. Kingenitoa nje.

Basi nikarudi kwa wapiga kura wangu, nikamkuta mpinzani: binti wa Kitanzania, nesi. Nesi, jamani! Tulikutana ukumbi wa kanisa, Vällingby. Chai haijamiminwa, mama mmoja Mrundi akasimama.

"Mzee wetu, tunakupenda. Ila ukifika kwa mgonjwa unaongea mpaka mgonjwa mwenyewe anaomba apelekwe hospitali."

Wakacheka, nami nikacheka. Kweli naongea sana.

"Wewe ulipolazwa niliongea, mama, na usingizi ukaupata."

"Nilifumba macho ili unyamaze!"

Kura zetu ni za kupanga foleni nyuma ya mgombea. Wagombea tunatazama ukuta, mtu asije akamwekea jirani kinyongo. Tena viatu vyote viko mlangoni, ndiyo desturi ya huku, watu wamebaki na soksi. Husikii kitu. Nimesimama pale natazama rangi ya ukuta, najiambia, mzee, nyuma yako hakuna mtu.

"Geukeni!" akaita msimamizi wa kura.

Foleni yangu ilifika mlangoni. Wa kwanza alikuwa yule mama Mrundi, anatazama dari kama hanijui. Nawashukuru mpaka leo. Mwenyekiti alinipa cheo kwa huruma, najua, alimwonea huruma mtu aliyefiwa. Hawa walinijua na kelele zangu zote, wakanitaka hivyo hivyo.

Nesi akaja, akanipa mkono.

"Shikamoo, baba. Kesho tunaanza kwa nani?"

"Marahaba, mwanangu. Kuna mama kule Akalla, kavunjika nyonga."

"Twende wote. Wewe ongea, mimi nitamtazama mguu."