Waliyesema Haoni Watu

Leo nimeambiwa mtoto wangu haoni watu, na nimekataa!

(Nawaandikia rafiki zangu nyote kwa imeili ya ofisi, bosi akiingia nitafunga.)

Chebet ana miaka sita, ana usonji, na bado hajaanza kuongea. Kuna watafiti wamekuja Kericho na mashine inayofuata macho ya mtoto akitazama picha. Nikampeleka, tena kwa furaha.

Picha ilikuwa ya familia inayocheka mezani. Mtafiti akanionyesha alama za macho ya Chebet. Zote zilikuwa chini pembeni, hakuna hata moja kwenye nyuso.

"Mama Chebet, huyu haoni watu, hana umakini. Anaangalia mahali hakuna kitu."

Nikainama nikaangalia hapo pembeni.

Jamani! Mtoto anayetambaa, mkono wake umekaribia birika la chai ya moto. Wakubwa wote wanacheka tu.

"Daktari, na hiki ni nini?"

Akasogeza uso karibu na picha. Picha ni yake, na hakuwa ameona!

Halafu bado akaandika kwenye ripoti: "Hana umakini."

Nilikataa kuweka sahihi mpaka akaongeza: "Alimwona mtoto aliye hatarini."

Niambieni, nilikosea?

Wakati tunabishana, Chebet alikuwa amefunika lile birika la kwenye picha kwa kiganja chake.