Mume Wangu Hawezi Kumpekua Baba Yangu

Dada huyu ametuandikia kutoka Kamina. Jina lake tunalo, na litabaki kwetu. Msomeni mpaka mwisho kabla hamjamhukumu.

Wasomaji wapenzi wa ukurasa huu, na ninyi mnaosomewa, nawasalimu. Mimi ni mwanamke wa miaka ishirini na saba, Mkatoliki, mama wa watoto watatu, na naishi hapa Kamina karibu na stesheni. Mume wangu anafanya kazi Bukama, kule mtoni, na anarudi kwa treni mwisho wa juma. Sina ugomvi naye. Hanipigi, hanywi sana, watoto wakimwona wanamkimbilia. Nawaambia haya mapema kwa sababu shida yangu haikuletwa na mtu mbaya, na pengine ndiyo maana hainitoki.

Kazi ya mume wangu ni kufundisha maofisa wa meli za mtoni. Anawafundisha kushika usukani, kupima kina cha maji, kufunga kamba, na zaidi ya yote kuchunga tishari la petroli, kile chombo kipana cha chuma kinachosukumwa na meli kuteremka mto Lualaba. Sheria ya kwanza ya tishari ni moto. Hakuna kibiriti, hakuna kiko, hakuna hata kiatu chenye misumari. Kabla watu hawajapanda, mwalimu mwenyewe anawapekua mmoja mmoja, anatia mkono mifukoni mwao. Na safari hii, kati ya wanafunzi wake, yumo baba yangu mzazi.

Baba alishika usukani kabla sijazaliwa, lakini ni kwenye meli za kuni. Cheche zilikuwa zikimwangukia kofiani, anazipangusa tu huku kiko kinafuka mdomoni. Sasa wakubwa wamesema nahodha asiyepita mafunzo ya petroli atashuka gatini kubeba magunia. Basi mzee na mvi zake ameketi kwenye benchi, anafundishwa na mkwe wake. Hilo peke yake angelimeza. Lakini kupekuliwa! Kwetu sisi Waluba wa huku, mkwe hamgusi baba wa mke wake mwilini, sembuse kutia mkono ndani ya suruali yake. Akifanya hivyo ni kama amemvua nguo mbele za watu, na mke anarudishwa kwao.

Siku ya kwanza mume wangu aliwapekua wote, na alipofika kwa baba akairudisha mikono nyuma. Aliuliza tu, macho chini, kama baba hana kitu. Baba akasema hana, akapita. Kazi ilipokwisha na watu wakashuka ukingoni, baba akatoa kibiriti mfukoni akawasha kiko chake mbele ya wote. Kumbe alikuwa nacho muda wote juu ya tishari.

Mume wangu alirudi nyumbani hakula. Aliniambia, "Ile tanki ilikuwa tupu, na tupu njo mubaya kupita ya kujaa, juu hewa ya petroli inabakia mule ndani. Cheche moja tu, tunakufa bote. Lakini miye nitapapasa baba mukwe yangu namna gani?" Nilimwonea huruma. Juma lililofuata akamwomba mwalimu mwenzake, Mwislamu wa Maniema asiye na undugu nasi, ampekue baba kwa niaba yake. Yule bwana akakitoa kibiriti mfukoni mwa baba, wanafunzi wakacheka.

Baada ya hapo baba akapanda treni kuja kwangu. Nilidhani anakuja kumsema mume wangu, kumbe anamsifu. "Bwana yako iko na heshima," alisema. "Yeye hakunigusa." Kisha akatoa suruali yake ya kazi. "Mama, unishonee mufuko mudogo hapa, ndani ya kiuno, kwa nyuma. Ule muntu wa Maniema hatajua."

Nikamsihi aache kiko hata siku moja. Alinitazama weee! "Weye mutoto nilizaa, unanifundisha mambo ya mayi ya mutoni? Bila kiko, macho yangu inaona mito mbili. Na kama unamuambia bwana yako, atalazimishwa kunigusa yeye mwenyewe, juu ule wa Maniema sitamuachia kiuno yangu. Siku ile ufunge vyombo, nitakuja kukuchukua." Baba yangu hana mzaha katika mambo ya ukwe. Dada yake mdogo alirudishwa hivyo hivyo, na mpaka leo yuko kwetu.

Nikishona, baba wa watoto wangu na baba yangu mimi watakuwa juu ya petroli moja na kibiriti kimoja. Nikisema, nyumba yangu imekwisha, na mzee atabeba magunia. Nikikataa, nimemkatalia aliyenizaa, na atampata fundi mwingine sokoni. Wanasema tembo wakipigana nyasi huumia. Tembo wangu hawapigani hata kidogo, wanaheshimiana, na bado naumia. Padri aliniambia nisali. Nimesali.

Siku ile nilimwambia baba uzi umeisha. Akasema si neno, akarudi Bukama, suruali akaniachia. Alipokuja mara ya pili nikasema bado sijapata uzi. Leo asubuhi ameshuka tena kwenye treni, na uzi ameuleta mwenyewe, rangi ile ile ya suruali. Yuko nje na wajukuu wake, anavuta kiko, ananisubiri. Kesho anarudi kazini.

Najua barua hii itachapwa baba akiwa ameshaivaa suruali yake. Hata hivyo nawauliza, ndugu zangu, kwa sababu hapa nyumbani sina wa kumwuliza. Ninyi mngekuwa mimi, mngefanya nini? Nishaurini. Ananiita.