Nakala Namba Kumi na Saba

Tk.

Kikombe kikigusa kisahani, kabla ya adhana ya alfajiri. Na sebuleni niko peke yangu.

Mlio huo nilianza kuusikia mume wangu Jibril alipofariki. Sasa ilikuwa imefika miezi saba.

Naishi Kisugu na mjukuu wangu Husnah. Nilipomwambia hakunicheka. Alininunulia balbu mpya ya sebuleni, yenye mwanga mkali, akaifunga.

Binti yangu Kaltumi naye alisikiliza, halafu akasema, "Mama, kichwa kimechoka. Jumapili nakuja kukuchukua. Utakaa na mimi Bombo."

Nyumba hii Jibril aliijenga kwa mikono yake. Kuiacha kungekuwa kama kumzika mara ya pili.

Sasa niwaeleze kazi ya Husnah, maana ndiyo iliyoniokoa.

Ana lebo ndogo ya muziki. Si ule wa kucheza kwenye baa za Kabalagala. Ni mvua juu ya mabati, ni jenereta, ni mama mmoja aitwaye Filda akigonga masufuria. Anatoa kanda arobaini tu, zikiisha zimeisha. Na watu wananunua, wallahi.

Hanakili kwa waya. Kanda mama inalia kwenye spika pale sebuleni, na maiki inanasa kanda mpya pamoja na pumzi na sauti zote za nyumba. Kila nakala inatoka tofauti na mwenzake. Ikishatoka haisikilizwi. Inafungwa, inauzwa ilivyo. Hiyo ndiyo sheria yake.

Kubonyeza kitufe ni kazi yangu, alfajiri, kabla boda hazijaanza kelele. Nabonyeza, naendelea na chai yangu.

Jumapili ikafika. Kaltumi akazikunja nguo zangu vizuri, akazipanga kwenye begi. Kabla hajavuta zipu, tukasikia hodi.

Alikuwa Kasereka, Mkongo anayeuza vitenge Nakivubo, mteja wa Husnah. Mkononi ana kanda, namba kumi na saba.

"Jajja, bibi yangu, samahani. Nilitaka kuuliza. Huyu mzee mwenye anakunywa chai humu ni nani?"

"Mzee gani?" Kaltumi akauliza.

Husnah akaiweka kanda. Masufuria ya Filda yakalia. Nyuma yake, ndara zangu zikiburuza. Kisha: tk.

Kisha sauti yangu. "Jibril, chai yako. Usiiache ipoe."



Kumbe kikombe kile nilikuwa nakiweka mimi mwenyewe, na sikumbuki hata siku moja. Kila asubuhi naosha vikombe viwili, na sikuwahi kujiuliza.

Kaltumi akanishika mkono. Hakunisimanga. "Umesikia, Mama. Twende."

Nilisimama.

"Ngoja kwanza, dada," Kasereka akasema. "Bado haijaisha."

Kwenye kanda, ndara zangu zikatoka nje. Mlango ukafungwa. Mbali, uani, maji yakaanza kujaza jerikani, na mimi nikakohoa hukohuko.

Karibu na maiki: tk.

Kikombe kikainuliwa. Mtu akafyonza chai, mara mbili fupi, mara moja ndefu, akashusha pumzi.

"Husnah, ulikuwa umeamka?" Kaltumi akauliza.

"Shangazi, wiki ile yote ya kunakili nilikuwa Jinja."

Kaltumi akakaa kwenye mkeka. Alipokuwa mtoto alikuwa akiuiga unywaji ule wa baba yake, naye akicheka mpaka chai inamwagika. Hakuwa amelia tangu mazishi; sasa machozi yakamtoka.

"Irudishe," akasema. "Irudishe tena."

Kasereka alikataa kuondoka na kanda yake. "Mimi nimeshasikia, jajja. Hii ni ya nyumba." Hakuna nyingine kama ile duniani, na aliiacha mezani kirahisi kama mtu anayeacha kiberiti.

Ninyi mnaosoma, mzee wenu akisema anasikia kitu, msikimbilie kufunga begi. Kaeni. Sikilizeni kanda mpaka mwisho.

Kaltumi alilala kwetu usiku ule. Alfajiri niliweka vikombe viwili vya chai, safari hii kwa kujua, nikamwacha sebuleni nikaenda kuchota maji. Nilichelewa makusudi.

Niliporudi nikamwona kupitia dirisha. Ameinama, macho mazito ya usingizi, mbele ya kikombe cha baba yake, kitupu.

"Baba," alisema polepole, "kesho uje tena. Leo nilisinzia."