Chifu Hataki Panya Mfu

Wiki ya tisa hiyo, na Chifu bado hajatia kitu tumboni. Mwalimu Godhana alisimama mbele ya kizimba, koleo mkononi, panya mfu akining'inia mbele ya pua ya yule chatu, na jasho la saa nne asubuhi likimteremka mgongoni. "Kula, bwana! Kula!" Chifu akatoa ulimi, akaurudisha, kisha akageuza kichwa upande wa pili. Jeuri gani hiyo!

Godhana ni Mpokomo wa Kilelengwani. Alifundisha sayansi miaka thelathini na moja, akastaafu, akajenga hapa Garsen, na badala ya kupumzika kama wenzake akajitafutia mzigo. Miaka mitatu iliyopita, wakati wa kuvuna mpunga, wakulima walimkuta chatu mdogo shambani, mapanga yakawa juu. Godhana akajitia kati. Akahangaikia kibali cha kumfuga mpaka akakipata, akawa anampeleka shule kwa shule kuwaonyesha watoto kwamba si kila nyoka ni wa kuuawa. Watoto ndio waliompa jina la Chifu, kwa sababu hukaa tu akisubiri kuletewa.

Mwanzoni alikuwa akimtupia panya wazima. Lakini mwaka huu panya mmoja alikataa kufa, akamgeukia Chifu na kumng'ata karibu na jicho. Nusura limtoke. Godhana akaapa kwamba kuanzia siku hiyo panya ataingia mle ndani akiwa ameshauawa. Uamuzi wa maana kabisa, ila Chifu hakuulizwa.

Nyoka aliyezoea kitu kinachokimbia humdanganyi kirahisi. Panya lazima umpashe kwenye maji ya moto awe na joto la aliye hai, umchezeshe kwa koleo, kisha kuwe kimya. Sasa tafuta hayo yote nyumbani kwa Godhana! Loise, mkewe, alimfuma siku moja akimwogesha panya jikoni.

"Baba Valentine! Sufuria yangu ya chai?"

"Nitaiosha."

"Utaiosha? Utaondoka nayo!"

Na huo ukimya ndio usiseme. Mara tatu Chifu aliinua kichwa, akaanza kusogea taratibu, Godhana akabana pumzi, na mara tatu mtu akapiga hodi. Kaja kumwona nyoka! Humwachi mgeni amesimama uani. Unamkaribisha, unamuuliza watoto, unamuuliza ng'ombe, unamuuliza mvua, na ukirudi kizimbani panya kapoa na Chifu kalala. Godhana aliwakasirikia wageni, akamkasirikia Loise na sufuria yake, akamkasirikia Chifu kuliko wote. Lakini uti wa mgongo wa Chifu ulikuwa umeanza kuchomoza, na kila akiutazama hasira ilimgeuka hofu.

"Nimtoe kwenye mapanga nije kumuua kwa njaa?" alimwambia mkewe. Loise hampendi nyoka hata kidogo, lakini siku hiyo hakumtania.

Mitego yake ilipoacha kunasa, Godhana akaanza kuomba. Sokoni, kwenye mashine ya kusaga unga, kila aliyekutana naye: "Mkiona panya, muueni, mniletee." Watu wakacheka, wakaitikia.

Jumanne akaja Sadia, Mama Guyo, jirani yake Muorma, yule muuza maziwa. Mkononi alikuwa na mfuko wa nailoni aliounyoosha mbali na mwili.

"Mwalimu, chukua upesi, bado wa moto. Nimekimbia naye njia nzima."

Kweli alikuwa wa moto, na kanona. Hata sufuria haikuhitajika. Godhana alimbana kwa koleo, akamwingiza, na kabla hajamtikisa, Chifu akaruka! Akamdaka kichwa, akamzungushia mwili, akakaza.

"Amekula! Mama Valentine, njoo uone, amekula!"

Loise akatoka mbio, unga mikononi. Sadia, aliyesimama mbali kwenye ua, alicheka mpaka akajishika mbavu.

"Wallahi nimefurahi. Na wengine wapo, Mwalimu. Hii dawa mpya ya dukani ni kali, leo nimeokota wanne mlangoni."

Godhana akarukia kizimba. Akatia koleo ndani, akamshika panya mkia, akavuta. Chifu hakuachia. Wiki tisa za njaa, aachie kwa nini? Godhana akamwagia maji, akavuta tena huku akimwomba msamaha kwa sauti, mpaka panya akachomoka na mate na damu. Chifu akamrukia Godhana, akamng'ata kifundo cha mkono, kisha akarudi pembeni.

"Mama Guyo!" Godhana alifoka, damu ikidondoka. "Panya wa sumu? Unataka kuniulia nyoka?"

Sadia hakupandisha sauti. "Mimi nyoka namwogopa kufa. Nimekimbia barabarani na panya mkononi, watu wananicheka, kwa sababu nimeona unavyoteseka. Uliniambia niue, nilete. Hukuniambia niue na nini."

Godhana akafunika jeraha kwa kiganja, akawaza. Nani hapa mwenye gunia la mpunga asiyetumia dawa? Na yeye, mwalimu mzima, amezunguka mji wote akiomba, na hakumweleza hata mtu mmoja kwamba hataki wa sumu.

"Nisamehe, Mama Guyo," alisema. "Kosa ni langu."

Akainama kuokota koleo aliloliangusha ndani ya kizimba. Chifu, ambaye hajawahi kuuogopa mkono wake tangu alipoletwa kutoka shambani, alipoliona tu koleo la kumlishia likisogea alirudi nyuma na kuficha kichwa.