Mduara wa Anti Wanja

Harufu ya mkate wa sufuria uliowekewa makaa juu na chini, ikikutana na moshi wa rosmeri mbichi, hunirudisha Kiamunyi, uani kwa Anti Wanja, mwaka niliotimiza miaka kumi. Siku hizo Kiamunyi ilikuwa mahindi kuliko nyumba, na upepo ukivuma kutoka ziwani ulitujaza vumbi mpaka kwenye nyusi. Anti Wanja hakuwa ndugu yetu. Alisoma na Mama tu. Alikaa ng'ambo miaka mingi akitunza wazee, na aliporudi hakuleta gari wala pesa za ghorofa. Alileta dini. Huko wanaiita Wicca, dini ya kuheshimu ardhi, mwezi na majira, na wafuasi wake hujiita wachawi bila haya. Jina hilo Anti aliwaonya wenzake waliojiunga naye hapa mtaani, Mama akiwa mmoja wao, walisahau, libaki hukohuko ng'ambo. Lakini walikuwa watu sita, na penye wengi pana mengi. Haukupita mwezi kabla mtaa mzima kujua.

Nikisema ukweli, uchawi wenyewe ulikuwa kazi ya jembe. Mwezi mpya ukiandama, walipalilia shamba la mmoja wao. Mtu akijifungua, walimpelekea supu na kumfulia nguo. Mama, aliyekuwa fundi wa kushona, aliwashonea mashuka ya kijani ya kujifunga. Kisha walisimama mduara, wakashukuru kwa mvua, wakauzunguka mara tatu kufuata jua, kama kitabu cha Anti kilivyoagiza. Hapo ndipo shida ilipoanzia. Kitabu kiliandikwa na watu ambao jua lao hukaa upande mmoja wa mbingu mwaka mzima. Sisi ikweta iko hapo tu kaskazini mwa mji wetu. Mwezi wa sita jua letu huwa kaskazini, mwezi wa kumi na mbili huwa kusini. Mzee Kiprono, mwalimu mstaafu wa jiografia na mwanamume pekee katika kundi, aliamua kwamba nusu ya mwaka, hadi Oktoba, wazunguke kushoto, na nusu nyingine kulia. Wote wakampigia makofi.

Mimi nilikuwa nikilipa gharama nyingine. Shuleni hakuna aliyetaka kukaa nami, na wasichana walifunika vyakula vyao nikipita. Habari zikafika Gilgil kwa Shosho, mama yake Mama, mwanamke wa kanisa asiyejua kunong'ona. Alituma ujumbe kwamba Jumamosi anakuja kunichukua nikaishi naye, maana mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Mama alishona siku tatu mfululizo.

Jumamosi hiyo ilikuwa mwisho wa Septemba, na kundi lilikuwa na sherehe ya mahindi mabichi uani kwa Anti, saa sita mchana. Mzee Kiprono alisimamisha kijiti ardhini. Hakikuwa na kivuli hata kidogo. Jua lilikuwa utosini, si kaskazini wala kusini.

"Kwani leo tunaenda upande gani?" Mama akauliza.

"Kulia," akasema Anti.

"Kushoto, Wanja! Bado hatujafika Oktoba," akasema Mzee Kiprono.

Kila mmoja akashika njia yake. Watatu walienda kulia, watatu kushoto, na nyuma ya jiko Mama akagongana na Mzee Kiprono paji kwa paji, wote wawili wakakaa chini ndani ya mashuka yao. Nilipoinua macho nikamwona Shosho langoni, Biblia kwapani.

"Hawa ndio wachawi nimeambiwa?" akasema. "Wangai, Mungu wangu! Hata kuzunguka hawajui!"

Akacheka hadi akashika lango asianguke. Kisha akaingia, akauombea mkate kwa jina la Yesu kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani, akala vipande vitatu. Kila mtu alidhani mambo yamekwisha. Mimi pia nilidhani hivyo, mpaka aliponigeukia.

"Nyambu, sikulazimishi. Unabaki na mamako ama twende?"

Mama alinitazama. Nilimpenda kuliko mtu yeyote, na bado niliona Jumatatu ikija, na darasa, na vile vifuniko vya vyakula.

"Twende," nikasema.

Mama aliondoka bila kunigusa, akaenda nyumbani, ploti ya pili, akarudi na begi langu limefungwa kabla Shosho hajamaliza chai. Haraka ile iliniuma kuliko maneno ya shuleni. Niliondoka nayo hadi Gilgil, nikakua nayo.

Leo Kiamunyi ni mageti na ghorofa. Vijana wanapiga picha za mwezi mpevu, wananunua mishumaa ya rangi mjini, na hakuna anayewatenga. Ninawaonea wivu kidogo. Hata hivyo sijaona mmoja wao akimpalilia mwenzake shamba, na tangu nitoke pale sijaishi tena na majirani wanaokuja na jembe kabla hujawaita. Shosho na Anti wametutoka. Mama angali anashona, na mwezi uliopita, nikimtungia uzi sindanoni, nilimwambia hatimaye kwamba niliogopa shule, si yeye.

"Nilijua," akasema. "Kwani unadhani kwa nini nilikufungia nguo mbio vile? Ningekaa kidogo tu, ningekuomba ubaki."