Waziri wa Kachumbari

Jumapili iliyopita nilirudi mjini Laurel, huku ughaibuni tulikokulia, kwenye pikiniki ya Waswahili wa eneo letu. Nilipoona chakula kinashushwa garini kwenye trei za foili, kimenunuliwa mgahawani, nilimkumbuka bibi yangu na yule Mwitaliano.

Nilikuwa darasa la tano. Mwalimu alitugawia viongozi wa Ulaya tuandike habari zao, mimi nikapewa mwanasiasa wa Italia wa baada ya vita: alikuwa waziri mkuu, serikali yake ikaanguka, akarudi, ikaanguka tena, akarudi tena. Nyumbani bibi alikuwa anachambua mchele, harufu ya bizari nzima imefika mpaka kwenye lifti. Nikamsomea kwa Kiswahili changu cha kuokoteza.

"Akitolewa hanuni?"

"Hapana, Bibi. Anachukua wizara nyingine kwenye serikali ya huyo aliyemtoa, anangoja."

Mkono wake ukasimama juu ya ungo.

Wiki ileile bibi naye alikuwa ametolewa. Miaka yote yeye ndiye aliyepika pilau ya pikiniki, na katika nchi ambayo hakuweza hata kuomba maji ya kunywa, pilau ndiyo iliyofanya watu wamjue. Sasa kamati ilikuwa imempa mwiko jirani yetu wa Mombasa. Bibi aliapa hataenda. Baada ya kusikia habari za Mwitaliano, alimpigia jirani simu kwa sauti ya asali: atakuja, atakata kachumbari tu.

Siku ilipofika, jirani alibandika sufuria kubwa kwenye jiko la gesi. Kufika saa saba, pilau chini inaungua, juu mchele unatafunika kama changarawe. Watoto tulianza kulia njaa. Bibi alikata vitunguu, hakuinua macho.

"Bi Mkubwa," jirani akanong'ona, "yataka kupaliwa hii, na makaa sina."

Bibi akaenda garini bila haraka, akarudi amekumbatia mfuko mzima wa makaa.

"Kachumbari gani hii yapikwa kwa makaa?"

"Ya dharura, mwanangu. Lete mwiko."

Makaa yakakolea, yakapangwa juu ya mfuniko, na serikali ikarudi kwa mwenyewe. Mwaka uliofuata jirani alikuja na makaa yake, bibi akaanguka. Walipinduana hivyo, wakicheka na kutaniana kwa habari za Italia, mpaka nikamaliza shule. Ile insha yangu ya Mwitaliano niliimalizia na makaa ya bibi; mwalimu alinipa alama nzuri, ila aliuliza pembeni kwa wino mwekundu: makaa yanahusiana vipi na Italia?

Bibi hayupo tena. Jumapili trei zilipofunguliwa, wali ulikuwa umeiva sawasawa kila upande, hauna hata ukoko wa kugombania. Jirani, ambaye sasa anatembelea mkongojo, alionja kijiko kimoja, akakiweka chini, akatazama kushoto na kulia.

"Sasa hapa, mwanangu," akaniuliza, "twampindua nani?"